Tulimwita Zaina Kila Jumamosi

Nyie vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi si mtu wa maneno mengi, na shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo msitegemee mapambo. Nawaambia hasa nyie mlioanza kuzaa, mnaosema mbele ya mtoto, "Huyu bado mdogo, haelewi." Anaelewa. Anaelewa vibaya, hiyo ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alirudi hapa Mwembesongo kutoka mlimani na kundi lao la watoto, skafu shingoni, viatu vimejaa tope. Wanapandishwa huko na walimu wao, wanapanda miti, wanaapa kuitunza, wanaimba. Vizuri. Akaniwekea mezani fungu la majani ya mdalasini, mabichi, yamepondeka njiani. "Bibi, nusa." Nikanusa. Nikamwambia ayatoe nje sasa hivi. Maskini akadhani nimekasirishwa na tope, akadeki sebule nzima bila kuambiwa.

Sikukasirishwa na tope.

Mimi nilizaliwa juu ya Mkuyuni, huko Uluguru kwenyewe, mahali ambapo nyumba ya jirani unaiona ng'ambo, unaweza hata kumpungia mkono, lakini ukitaka kumfikia unashuka mpaka kijitoni halafu unapanda tena mpaka magoti yaseme. Shule ilikuwa moja, ya udongo. Akaletwa mwalimu kijana kutoka Singida, Mwalimu Nestori. Kwao, alituambia, mama yake alikuwa anachimba mchanga wa mtoni kwa kata mpaka bega linazama ndipo apate maji ya ugali. Alipofika kwetu akakuta maji yanatoka tu kwenye mwamba, yanajimwaga mchana kutwa na hakuna anayeyatazama, alisimama pale akavua viatu. Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika matumbo. "Mwalimu kavua viatu kama yuko msikitini, na yeye Mkristo!"

Huyo ndiye aliyeanzisha Watoto wa Chemchemi. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kazi za nyumbani, tulikwenda naye pale penye maji. Bibi yangu mzaa mama hakupendezwa. "Anawafundisha watoto kutazama miti," alisema. "Miti ina nini cha kutazamwa? Ninyi hamjawahi kuiona?" Lakini alituruhusu, maana tulirudi na kuni.

Mwalimu alikuwa na sherehe ya kila kitu. Mtoto mpya aliitwa Mbegu. Akishajua majina ya miti na ndege na akaweza kunyamaza kimya msituni bila kukohoa, akawa Mche, akavishwa skafu ya kijani. Kuingia kwenyewe kulikuwa hivi. Unafungwa kanga machoni, unazungushwa, unapelekwa kwenye mti mmoja. Unaupapasa gome lake na mizizi yake na kuvu zake, unaunusa, sisimizi wanakupanda. Kisha unarudishwa, unafunguliwa macho, unaambiwa, "Haya, katafute mti wako." Anayekuongoza mkono ni yule aliyekuleta kundini, na huyohuyo ndiye atakayekufunga skafu siku yako ikifika. Hapo Mwalimu hakubadilisha kwa mtu yeyote: aliyekushika mkono ukiwa huoni, ndiye atakufunga.

Mimi nilishikwa mkono na dada yangu, Zaina.

Zaina ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, mama akiwa shambani. Mgongo wake niliujua kabla sijajua uso wake, nadhani. Siku ile niliweka shavu kwenye mti nikausikia unagonga ndani, to, to, to. Nilipofunguliwa macho nikawa nakimbia kutoka shina hadi shina naweka sikio, mpaka nikausikia tena. Nikapiga kelele, "Ni huu! Una moyo!" Watoto wakaanguka kwa kicheko. Zaina alikuwa kajificha nyuma ya shina na kijiwe mkononi. Hakutaka nishindwe mbele za watu. Nilikasirika, nikamwuma mkono, akacheka zaidi. Tangu siku ile kundini hakuna aliyeniita jina langu. Nilikuwa "mdogo wake Zaina". Hata Mwalimu aliniita hivyo, na mimi sikutaka lingine.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonivunja. Kwetu mtoto hachelewi kwa uvivu. Anachelewa kwa sababu kijito kimefurika, au kaachiwa mtoto wa mgongoni, au katumwa kupeleka ndizi Mkuyuni. Kwa hiyo Mwalimu alikataa neno "hayupo". Tulisimama duara kuzunguka maji, akaita majina. Aliyekuwepo alijibu mwenyewe. Asiyekuwepo tulimjibia sote kwa pamoja, "Yu njiani!", na mahali pake kwenye duara hapakuzibwa. Liliwekwa jiwe la mtoni. Akifika, hata kama tumebakiza kuimba wimbo wa mwisho tu, analiokota jiwe lake, analirudisha majini, anasimama. Nilipenda sana kusema "Yu njiani", nikalisema kwa nguvu kuliko wote. Na karibu kila mara, kweli, mtoto alitokea pale kwenye kona ya njia anahema, na mimi niliona ni sisi tuliomleta kwa kumwita.

Zaina aliugua wakati wa kiangazi, mashamba yanafyekwa. Alirudi na kuni akasema kichwa kinamuuma, akalala bila kula. Kesho yake alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka. Wanaume wakafunga machela ya blanketi na miti miwili, wamteremshe Mkuyuni ili apate gari la kumpeleka hospitali mjini. Walipomnyanyua alifumbua macho akaniona mlangoni. Skafu yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Akasema, "We mdogo wangu, usiiguse skafu yangu. Nikirudi nitajua tu."

Basi. Hayo ndiyo maneno yake kwangu.

Siku hiyohiyo mama mkubwa alinichukua kwake, mlima wa pili. Nikakaa huko nakula mihogo na kuchunga mbuzi wake wawili. Niliporudi nyumbani mama alikuwa amenyolewa kichwa chote, kinang'aa. Niliogopa. Nikamwuliza Bibi, "Mama kafanyaje?"

Bibi akasema, "Chawa."

"Na Zaina?"

Hapo wote wakatazama moto. Mama mkubwa ndiye aliyejibu. "Zaina kapata nafuu. Kapelekwa Ngerengere kwa mjomba wako apumzike. Atasoma huko huko. Kuna treni, unaijua treni wewe?"

Nyie mnaosoma mmeshajua. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba nyumba yetu imeingiwa na chawa, na dada yangu anaona treni bila mimi.

Nawaelezeni kwa nini walifanya vile, maana hawakuwa watu wabaya. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga mlango. Katika ukoo wetu ilikuwepo imani kwamba mtoto aliyebebwa mgongoni na nduguye, ndugu yule akifa, mdogo haambiwi mpaka kaburi liote nyasi. Udongo ukiwa bado mbichi, akiambiwa atalia kwa kumwita jina, na marehemu aliyezoea kumbeba atarudi kumbeba. Atamchukua. Mjomba alipanda kutoka Ngerengere alikokuwa akifanya kazi relini, akamzika mpwa wake kwenye msitu wa ukoo, akaamuru hivyo, akawafuata hata watoto wa jirani nyumba kwa nyumba na fimbo mkononi. Akamfuata na Mwalimu. Hayo mama alikuja kunisimulia nilipokuwa na watoto wangu. Mwalimu aliuliza, "Basi nisimwite jina?" Mjomba akamjibu, "Usipomwita, mdogo wake atauliza kwa nini. Mwite. Mvua zikipita nyasi zitaota, tutamwambia sisi wenyewe."

Kwa hiyo Mwalimu alimwita.

Jumamosi ya kwanza niliyorudi alifika kwenye jina lake akalisema kama mtu anayemeza kidonge. "Zaina."

Mimi nikajibu, "Yu njiani!"

Nilijibu karibu peke yangu. Wengine walifungua midomo ikatoka sauti ya chini, kama watu walioamshwa usingizini. Nikawageukia kwa hasira. "Semeni kwa nguvu! Ngerengere ni mbali, atasikiaje?" Pili, rafiki yake mkubwa Zaina, akainama akafunga kamba ya kiatu, na Pili hakuwa na viatu. Nililiona lile. Nililiona nikaliacha lipite. Nikachagua jiwe mwenyewe, la duara, zuri, nikaliweka mahali pa dada.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mimi nashangilia peke yangu. Niliwaonya wenzangu wasinisogelee kwa sababu kwetu kuna chawa, na hakuna aliyecheka, hata Selemani. Huyo Selemani alikuwa mtani wa ukoo wetu, mtoto wa mdomo, aliyeweza kumtania hata mzee mwenye mvi kwamba ndevu zake zimeibwa kwa mbuzi. Nikamwambia, "We Selemani, nitanie basi. Sema mama yangu ana kichwa kama yai." Akasema, "Sitaki." Nikaona kweli chawa ni ugonjwa mbaya.

Mjomba alikuja kila alipopata ruhusa kazini. Alileta mkate na sukari. Mimi nilimdaka kabla hajakaa. "Shikamoo mjomba. Zaina hajambo?"

"Marahaba. Hajambo. Anakusalimu."

"Kakua?"

"Kakua."

"Treni kaipanda?"

"We mtoto, niache ninywe maji."

Kila alipotaka kuondoka nilimpa mzigo wa Zaina. Nilifunga kwenye jani kavu la mgomba, kwa kamba ya mgomba, kwa fundo langu baya ambalo Zaina alilicheka siku zote. Ndani niliweka gome la mdalasini, maana alipenda kulitafuna, na majani yake ili yanukie, na pera, na siku moja unyoya wa ndege wa bluu. Mjomba alipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu kitu cha mkubwa wake. Hakuwahi kusema hapana, wala hakuwahi kuusahau mzigo wangu nyumbani. Nilikuwa namsindikiza mpaka kwenye kona ya njia iendayo Mkuyuni, nasimama nikimtazama mpaka migomba imfiche.

Vuli ikakaribia. Kwa Mwalimu sherehe kubwa kuliko zote ilikuwa ya mvua ya kwanza. Mawingu yakianza kukaa mlimani bila kuondoka, tulichuma majani makubwa ya magimbi, tukapanda chemchemini, tukangoja. Matone ya kwanza yalipokelewa kwenye jani, kila mtoto na lake, na maji yale yalimwagiwa mche uliopandwa mwaka huo. Siku hiyohiyo ndiyo Mbegu walifanywa Miche. Mwalimu aliniita akaniambia nimefaulu, nitavishwa skafu.

Nilikimbia nyumbani. Nikawaza, Zaina atakuja kunifunga, na akija bila skafu yake Mwalimu atamsema. Nikapanda kwenye kigoda nikaitoa skafu kwenye msumari kwa ncha za vidole viwili, nisije nikasemwa nimeivaa. Nikaikunja ndani ya jani. Mama alikuwa mlangoni akinitazama. Nilisema haraka, "Siivai, mama. Namtumia." Mama alipita nyuma ya jiko akakaa huko mpaka maharage yakaungua.

Mjomba alipokuja nilimpa. "Mwambie mvua ya kwanza. Asichelewe. Hiyo ni skafu yake, sijaivaa hata kidogo." Mjomba, mtu mzima, mtu wa reli, mwenye mikono kama mbao, alikaa chini palepale njiani. Akasema moshi wa jikoni umemwingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Mvua ilikuja Jumamosi, kama iliyoagizwa. Tulikuwa kwenye duara, anga imekuwa nyeusi, upepo unanuka udongo. Mwalimu aliita majina upesi upesi. "Zaina." "Yu njiani!" nikasema, na safari hii nikaruka juu kabisa. Matone yakaanza kupiga majani ya magimbi, paa, paa. Tuliyapokea, tukamwagia miche. Kisha Mwalimu akatoa skafu mpya mfukoni.

"Mdogo wake Zaina, njoo mbele. Leo Pili atakufunga."

"Hapana," nikasema. "Zaina."

"Zaina yuko mbali, mama. Mvua hii. Pili ni kama dada yako."

"Si tumesema yu njiani? Tumesema sasa hivi, sote. Na wewe umesikia."

"Tumesema."

"Basi tungoje."

Mwalimu alikuwa na jibu la kila kitu, hata kwa nini kinyonga anabadilika. Alinitazama, akatazama skafu mkononi mwake, akasema, "Haya. Tungoje." Tukangoja. Watoto wote wamesimama na majani ya magimbi vichwani, maji yanatiririka, wanatetemeka, na mimi nimeikazia macho kona ya njia inayotoka Mkuyuni. Niliona kila tawi linalotikisika ni yeye. Pili akaanza kulia, taratibu, kisha kwa sauti. Nikamwambia, "Unalia nini? Baridi? Atafika."

Selemani akatupa jani lake chini.

"Mwalimu, mwambie! Mimi nimechoka kumwita mtu aliyekufa!"

"Selemani!"

"Nimechoka! Kila Jumamosi namwita, nikilala namwota!" Akanigeukia, uso umejaa mvua na makamasi. Hakunyoosha mkono chini kwenye njia. Alinyoosha juu, nyuma yangu, kule nilikokuwa nimekupa kisogo siku zote hizo. "Yuko pale. Kwenye msitu wa kwenu. Sote tunajua. Wewe tu ndiye hujui."

Mtani anaruhusiwa kusema kile ambacho wengine hawathubutu, hata msibani. Nadhani ndiyo maana ilimtoka yeye. Wala sikumchukia, hata siku ile.

Sikulia. Nilikimbia. Nilimsikia Mwalimu akiita jina langu, jina langu hasa, mara ya kwanza. Msitu wa ukoo ulikuwa hatua chache tu juu ya chemchemi, na mtoto haruhusiwi kuingia. Hata kuni iliyoanguka humo haiokotwi. Niliingia. Humo kuna giza mchana, na mvua huisikii chini, unaisikia juu juu tu kwenye majani. Makaburi ya zamani yamekuwa mabonde. Moja lilikuwa jipya. Fupi. Udongo mwekundu, hakuna jani hata moja lililoota juu yake.

Na juu yake ilikuwepo mizigo yangu.

Yote. Imepangwa kwa mstari kutoka kichwani. Ya mwanzo ilikuwa imeoza, jani limeachia, gome la mdalasini limevimba kwa maji. Nyingine bado imefungwa kwa fundo langu baya. Mjomba hakufungua hata mmoja. Kila nilipomsindikiza mjomba mpaka kwenye kona, yeye alikuwa anazunguka kwa nyuma, anapanda huku, anaiweka, ndipo anashuka tena Mkuyuni kwa njia nyingine. Mlima ule ukiupanda mara moja umechoka. Alikuwa anaupanda mara mbili ili asiwe mwongo kabisa. Wa mwisho ulikuwa ule wa skafu. Harufu ya mdalasini iliyolowa ilijaa mahali pale pote, kama jikoni.

Mama alinikuta nimekaa. Kwanza alinipiga kofi, kwa kuingia msituni. Kisha akakaa kwenye tope karibu nami, akanivuta.

Nikamwuliza, "Mama, kwa hiyo hukuwa na chawa?"

Mama akacheka. Nakwambieni alicheka, kicheko kikatoka kwa nguvu, halafu katikati yake kikageuka kuwa kitu kingine, akalia kama sijawahi kumsikia mtu. Alikuwa hajalia mbele yangu tangu kiangazi. Alikuwa amejibana miezi yote hiyo kwa ajili yangu. "Hapana, mwanangu," alisema. "Sikuwa na chawa."

"Na mjomba anajua?"

"Anajua."

"Na Mwalimu?"

"Anajua."

"Na Pili?"

Mama akanifunika kichwa kwa kanga. Nilitaka kuichukua skafu nirudi nayo nyumbani. Nilikuwa nimeshaishika. Akaniambia, "Iache. Kitu cha humu hakitoki." Nikaiacha.

Mwalimu Nestori alikuja nyumbani jioni, ameloa bado. Nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," kwa sababu nililelewa, kisha nikaingia ndani nikakaa huko mpaka aondoke. Nilimsikia akimwambia Bibi, "Nilidhani namsaidia." Bibi akasema, "Na sisi." Sikurudi chemchemini. Skafu yangu mpya sikuivaa. Baadaye Mwalimu alihamishwa na kundi likafa, na sherehe ya mvua ya kwanza nadhani aliendelea nayo huko alikokwenda, kama huko mvua ilinyesha. Sikufa mimi. Zaina hakuja kunibeba, ingawa nililia jina lake mpaka sauti ikakauka na kaburi lilikuwa bichi. Nilimngoja anibebe, kusema kweli. Hakuja.

Watu hudhani kilichoniuma ni kifo. Kifo mtoto anakijua. Tuliona kuku wanakufa, mbuzi, wazee. Ningelia nikanyamazishwa, nikakaa na mama mkekani nikashika kichwa chake kilichonyolewa. Nilikuwa na haki ya kile kilio. Badala yake wao walilia bila mimi, wakamaliza. Nilipofika mimi hapakuwa na mtu wa kulia naye ila mama peke yake. Wengine walikuwa wameshakunja mikeka. Na ile sauti yangu, jamani. Ninaruka juu, "Yu njiani!", na duara zima linatazama miguu. Hilo mpaka leo likinijia nikiwa naosha vyombo, nasimama na sahani mkononi.

Shuleni nilishindwa. Mwalimu mwingine akianza kuita mahudhurio, "Yupo?", "Hayupo!", nilitoka. Nilikaa nje hadi waishe kuita. Mwisho nikakaa nje moja kwa moja. Nikasaidia mama shambani, nikaolewa, nikateremka mjini na mume wangu aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Mjomba alikufa mzee. Nilimzika. Nilimlilia sana, na sijawahi kumsamehe, na hayo mawili nimekaa nayo kwa pamoja bila taabu.

Kisha mume wangu naye akafa. Aliondoka asubuhi kwenda kazini, mchana wakaja wenzake wawili wamevua kofia mlangoni. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado hajaanza shule, anacheza uani na vifuniko vya soda. Baba yake ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani kila jioni. Nyumba ikajaa. Shemeji zangu wakaja, na kaka yangu mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, akateremka kutoka mlimani, yeye sasa ndiye mjomba, yeye ndiye mwenye neno. Nikawasikia ukumbini wanapanga kwa sauti ya chini. Mtoto apelekwe Mkuyuni leo hii. Aambiwe baba kasafiri kikazi. Nyasi zikiota ataambiwa. Wifi yangu alikuwa ameshaanza kumvalisha viatu, anamwambia utaona mbuzi, utakula miwa.

Nikatoka chumbani, sijafunga hata kilemba. Wanaume walisimama. Nikamwambia wifi amvue viatu mtoto. Kisha nikawaambia wote waliomo ndani, wakubwa kwa wadogo, pamoja na kaka yangu:

"Mtoto haendi popote. Mleteni huku akae kwenye mkeka na mimi. Nitamwambia mimi mwenyewe, na neno ni hili moja: baba yako amekufa. Akilia, lieni naye. Kesho atakwenda makaburini na mkono wake utakuwa mkononi mwangu. Na yeyote humu atakayemwambia mwanangu kwamba baba yake amesafiri, afungashe asafiri yeye, asikanyage tena nyumbani kwangu."